Nyuki Waendao kwa Miguu

Asubuhi hiyo nyuki walikuwa wakitoka mzingani kwa miguu. Walijitokeza mlangoni mmoja mmoja, wakasimama kwenye ule ubao mdogo wa kutua kama watu waliosahau walikokuwa wakienda, kisha wakaanguka. Chini, juu ya udongo uliofagiliwa, waliendelea na safari yao kwa kutambaa. Mabawa yao yalikuwa mazima. Yalitetemeka mgongoni kwa kasi, lakini hayakuwainua hata kimo cha unyasi.

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mizinga alikuwa amechuchumaa pembeni, mkono mdomoni. Alitaka kuamini kwamba ni baridi ya alfajiri. Lakini jua lilikuwa limeshapanda ukuta wa ua, na mgongo wake mwenyewe ulikuwa umeanza kuona joto.

"Wifi, nyuki wako wamelewa," ilisema sauti nyuma yake.

Alikuwa dada wa mumewe, aliyehamia kwao ndoa yake ilipovunjika, na ambaye hakuweza kukuta kimya mahali asikivunje. Alisimama na ufagio, shingo ameinamisha upande mmoja.

"Mtazame yule. Anakwenda upogoupogo kabisa! Wamefungua kilabu humo ndani?"

"Usiwakanyage, wifi."

"Nani awakanyage? Mimi nawaogopa wakiwa wazima, sembuse walevi."

Bi Mizinga hakucheka. Nyuki mmoja alikuwa amelala chali karibu na kidole chake cha mguu, akizunguka papo hapo kama kitu kilichosukwasukwa na upepo, na hapakuwa na upepo. Mwingine alijaribu kurudi nyumbani kwa kuupanda mguu wa meza iliyobeba mzinga. Alifika juu kwa taabu. Walinzi wa mlangoni wakamnusa, wakamkamata bawa, wakamburuta hadi ukingoni na kumwachia. Hakupigana. Alianguka kama tone.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Nyuki hufa, hilo alilijua na hakuwa mtu wa kulilia. Kilichomtisha ni kuona walio ndani wameshamjua mgonjwa wao na kumkataa, na yeye aliyewafuga miaka yote hiyo hakuwa na fununu ya kilichowapata.

"Ni huyo mwenye bustani ya mboga," alisema wifi, akielekeza ufagio ukutani. "Ninamsikia akipuliza madawa yake. Nenda kamwambie."

"Mboga zake amezing'oa mwezi uliopita. Hana kitu cha kupuliza."

"Basi mimi sijui. Omba."

"Naomba tangu nilipotoka kitandani," alijibu Bi Mizinga, na ilikuwa kweli, ila maneno yalikuwa machache. Alikuwa amesema Ee Mungu, akangoja mengine yaje, nayo hayakuja.

Mumewe alitoka ndani akiwa amevaa nguo za kazi. Alikuwa mpulizaji dawa katika mabanda ya maua nje ya mji, yale mabanda marefu ya nailoni ambamo mawaridi hupangwa mistari kama wanafunzi. Baada ya kubeba bomba la dawa mgongoni kwa muda mrefu kuliko wenzake wote, alikuwa amefanywa msimamizi wa wapulizaji. Cheo hicho kilimkaa vizuri. Hata namna yake ya kufunga vifungo vya ovaroli ilikuwa imebadilika, alivifunga hadi shingoni.

Asubuhi hiyo alikuwa anahangaika na kifungo cha tatu. Kilimponyoka. Akakitafuta kwa kidole gumba, kikamponyoka tena.

"Njoo nikufunge," alisema mkewe.

"Mimi si mtoto. Tundu limebana, ulilifua kwa nguvu." Aliacha kifungo wazi. "Mnaangalia nini hapo?"

"Nyuki wanaumwa."

"Watapona," alisema kwa upole, akampiga begani kidogo, akaenda zake. Jasho lilikuwa limemlowesha kisogo, na asubuhi ilikuwa bado changa.

*

Mtaalamu wa nyuki alikuja siku iliyofuata kwa pikipiki, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini na viatu vilivyojaa vumbi. Hakuvaa wavu wa uso mara moja. Alipiga magoti mbele ya mzinga, akaegemeza viwiko chini, akatazama kwa muda mrefu kama anayesoma herufi ndogo.

"Shikamoo, mama. Samahani, nimewasalimu nyuki kabla yako."

"Marahaba, mwanangu. Wao ndio wagonjwa."

"Wameanza lini?"

"Jana nimewaona wengi. Juzi walikuwa wachache nikawapuuza."

Kijana aliokota mmoja aliyekufa kwa ncha za vidole. "Watu wakiona nyuki ameshindwa kuruka husema ana ugonjwa wa mabawa, kana kwamba ugonjwa ni mmoja. Lakini yako mengi yanayomwangusha. Kuna wadudu wadogo sana wanaoingia kwenye njia zake za pumzi. Nyuki wa hivyo utamwona mabawa yameachana, moja huku, moja kule. Hawa wako mabawa yao yamelala sawa. Kuna ugonjwa wa tumbo, huyo tumbo huvimba na mbele ya mzinga huwa pamechafuka. Hapa pasafi. Kuna wanaozaliwa mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, na hao hawajawahi kuruka tangu waanze kuishi. Hawa wamewahi. Tazama ncha za mabawa, zimechakaa kwa kazi."

"Njaa je?"

Walifungua mzinga. Moshi wa kuwatuliza nyuki ulipita juu ya fremu za masega, na Bi Mizinga akainua moja kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kwa asali. Njaa haikuwamo humo.

Kijana alimgeuza yule nyuki aliyekufa mkononi mwake. "Sasa tazama mdomo."

Ulimi ulikuwa nje, mwembamba, umenyooka hadi mwisho, kama wa aliyekufa akitafuta maji.

"Hii ni sumu, mama," alisema bila kuinua sauti. "Inashika mishipa ya fahamu. Nyuki analiamrisha bawa, bawa halisikii. Au linasikia mara elfu kwa mpigo mmoja na haliwezi kunyamaza. Ndiyo huko kutetemeka. Mwishowe anaishiwa nguvu."

"Sumu kutoka wapi? Hapa hapana shamba."

"Wanakunywa wapi?"

Kwa mara ya kwanza tangu jana Bi Mizinga alipata jambo la kujivunia. Kila mfugaji alijua kwamba kiangazi kikikaza nyuki hutangatanga kutafuta maji, huzama katika ndoo za watu na kuleta ugomvi mtaani. Yeye hakungoja hayo. Alimwongoza mgeni hadi nyuma ya jiko, kwenye kivuli, palipokuwa na karai pana la bati lililojaa vijiwe vya mviringo. Maji yalifika nusu ya vijiwe ili mnywaji asizame. Nyuki walikuwa wamejipanga ukingoni, vichwa chini, wanakunywa.

"Mahali pazuri," alisema kijana. "Nani amekufundisha vijiwe?"

"Nimejifundisha. Bomba letu linatoa maji kwa matone tu, basi simwagi kitu. Nikifua, maji ya kwanza na ya pili yana sabuni, nayamwaga chooni. Ya mwisho ya kusuuzia hutoka meupe kabisa, unaweza kuyanywa. Hayo ndiyo nawapa."

Kijana alikuwa anainama kuyanusa. Aliganda katikati ya kuinama.

"Nguo za nani, mama?"

Bi Mizinga alifungua kinywa kumjibu, na katika muda huo mfupi kabla ya neno kutoka, akaiona ovaroli. Aliiona inavyozama ndani ya beseni na kupanda tena ikiwa imejaa hewa, kama kifua cha mtu. Zamani ilifuliwa kazini, kwenye mashine. Mashine ilipoharibika wapulizaji waliambiwa kila mtu abebe yake nyumbani kwa muda, na ule muda haukuwahi kwisha. Baadaye mumewe alikuja na habari kwamba wameletewa dawa mpya, kali, isiyo hata na harufu. Alikuwa ameisema hivyo kama sifa.

"Za mume wangu," alisema. Alisikia sauti yake ikitoka mbali.

Kijana alimwaga karai lote taratibu juu ya mchanga, akaligeuza kifudifudi. Nyuki walipaa kwa hasira, wale walioweza. Kisha alifanya jambo ambalo Bi Mizinga angelikumbuka kuliko mengine yote ya siku ile. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu.

"Inakufa ganzi?"

"Ncha za vidole tu. Nilidhani ni maji baridi."

"Na yeye?"

 Bi Mizinga alikumbuka chai ya Jumapili. Mumewe aliinua birika akamimina, na chai ikatiririka mezani, kando ya kikombe, upana wa vidole viwili. Alicheka, akasema mawazo yako kazini. Wifi alimtania kwamba ukubwa umempanda kichwani hata vikombe havioni. Wote watatu walicheka, na yeye akaleta kitambaa akafuta.

"Mimi nimesomea nyuki," alisema kijana. "Sikusomea watu. Lakini kama ni dawa ninayoifikiria, mtu pia ana mishipa hiyo hiyo. Asiiguse tena. Apelekwe hospitali, na waambiwe ni sumu ya mashambani, wasije wakampa vidonge vya kichwa wakamrudisha. Usingoje, mama."

*

Jioni alishindwa kusema. Maneno aliyapanga akiwa peke yake jikoni, yakawa mazuri, yakasimama mstari mmoja. Mumewe alipoingia yakatawanyika. Alikuwa mke wa kunyamaza. Miaka yao yote walikaa kwa amani kwa sababu yeye alijua ni wapi pa kuishia, na alikuwa amekwisha kuiita tabia hiyo subira, akamshukuru Mungu kwa kumpa. Sasa aliitazama upya na hakuwa na hakika kama ni Mungu aliyempa, au aliipata mwenyewe kwa woga.

Alimtazama akila. Taa ilikuwa hafifu, na katika mwanga kama ule mboni za macho ya mtu hupanuka. Mboni zake zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano.

"Mbona unanitazama hivyo?"

"Umependeza."

"Wewe!" Alicheka, akapapasa mezani kutafuta bilauri iliyokuwa mbele yake.

Usiku usingizi ulimkataa Bi Mizinga. Alipopiga magoti kuomba alijikuta haombi nyuki wapone wala mume apone. Aliomba ulimi.

Kulipopambazuka mumewe alitoka chumbani akiwa na fulana.

"Ovaroli yangu iko wapi?"

"Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni. Sikuifua."

"Hukuifua? Na mimi nitavaa nini?"

"Hutavaa. Huendi leo."

Wifi, aliyekuwa akifagia ua, aliinua kichwa. Hakuwahi kusikia wifi yake akilitumia neno hilo, huendi, kwa kaka yake.

"Mke wangu, umeamkia upande gani?" Bado alikuwa na tabasamu. "Nimepewa usimamizi juzi juzi tu. Nikakae nyumbani, niwaambie nini? Kwamba nyuki wa nyumbani wana mafua?"

"Mtaalamu amesema wana sumu. Imetoka kwenye nguo zako."

"Mtaalamu! Wale watoto wa pikipiki? Mimi nimeishi na dawa kabla hawajazaliwa. Ingekuwa ya kuua ningekuwa nimezikwa."

"Hii ni mpya. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema ni nzuri!" Tabasamu likatoka. "Niletee ovaroli."

Mwili wote wa Bi Mizinga ulitaka kwenda kuileta. Miguu yake ilijua njia. Aliisimamisha palepale kwa nguvu, kama mtu anayekaza kamba, na jasho jembamba likamtoka.

"Njoo kwanza uone," alisema. "Ukishaona, nitakuletea."

Akamfuata, labda kwa kushangaa tu. Walisimama mbele ya mzinga. Ingawa karai lilikuwa limegeuzwa kifudifudi, waliokwisha kunywa walikuwa wanaendelea kutoka. Ardhi ilikuwa hai kwa sababu yao. Walitambaa wakijikwaa juu ya wafu wao, walizunguka, walipinduka, walipanda vijiti na kuanguka. Mmoja alikuwa juu ya ndara ya mumewe, anapita kwenye ukanda, anaelekea kidoleni.

"Haya," alisema mume. "Nimekuja. Nione nini?"

"Nyuki."

"Wako wapi?"

Bi Mizinga alidhani anamfanyia mzaha. Alimwangalia usoni. Macho yalikuwa yameelekea chini, mahali panapostahili, nayo yalikuwa yanatafuta.

"Naona udongo," alisema, na sauti yake ikapungua. "Kuna... kuna weusi kidogo. Ni kivuli?"

Wifi alikuwa amesogea. Alifungua kinywa, na wote wawili walimjua, walingoja dhihaka yake. Alikifunga. Aliuegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Kaka," alisema. "Wamejaa. Umesimama katikati yao."

Mume alichuchumaa polepole. Mkewe alitaka kumwambia asiguse, watamchoma, akaacha. Mume aliweka kiganja chini, na chini ya kiganja akawasikia. Mtetemo wao ulikuwa mdogo, wa haraka, usiokoma. Alikaa hivyo. Hakuna hata mmoja aliyemchoma. Mkono wake ulikuwa unatetemeka pia, na kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kusema mtetemo upi ni wa nani.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Na wewe tangu lini?"

"Tangu ile dawa." Aliondoa kiganja chini. "Asubuhi kuna ukungu. Nilidhani ni ukungu."

"Msimu huu hakuna ukungu, mwenzangu."

"Najua," alisema. "Nilijua."

Wifi aliingia ndani kutafuta viatu vya kaka yake. Walimsikia akivuta kitu chini ya kitanda, akipenga kamasi. Bi Mizinga alimshika mumewe kwapani akamwinua. Alikuwa mzito kuliko alivyomdhania, au ndiyo mara ya kwanza alimwachia uzito wake.

"Hospitali," alisema.

"Twende. Lakini tupitie kwanza kwa yule mwenzangu wa banda la pili."

"Tumtume wifi. Wewe twende hospitali."

"Hapana." Alikuwa anafunga macho na kuyafumbua, akiyajaribu. "Wiki iliyopita alikuja kwangu mbele ya watu. Akaniambia, msimamizi, macho yangu hayako sawa tangu dawa hii. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia apunguze chupa. Watu wakacheka. Naye akacheka, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wake. Akarudi akachukua bomba lake, akaingia ndani." Aliyafunga macho tena. "Jana hakuja kazini. Nikaandika mtoro."

Bi Mizinga alihesabu moyoni umbali wa hospitali na umbali wa nyumba hiyo, akaona nyumba hiyo iko njiani, ingawa haikuwa njiani kabisa. Hakumbishia. Alichukua ule mfuko wa nailoni uliofungwa ili madaktari waone, akaubeba mbali na mwili wake.

Walitembea bega kwa bega barabarani. Maduka yalikuwa yanafunguliwa, mtu alikuwa anamwagia maji kizingiti chake, na watu waliwaamkia kama kawaida. Mume alijibu kila salamu kwa jina la anayesalimu, akiwajua kwa sauti. Mkewe alielewa kwamba amekuwa akifanya hivyo kwa siku nyingi. Mahali penye shimo au jiwe alimbana mkono kidogo, naye akainua mguu. Walikuwa wameshapata lugha yao kabla ya kufika kona ya kwanza, na jambo hilo lilimwogopesha kuliko shimo lenyewe.

Nyumba ya yule mwenzake ilikuwa ya mwisho katika safu, mlango wa buluu. Uani, kwenye kamba, ovaroli ilining'inia imetoka kusuuzwa, inadondosha maji. Chini yake kuku wawili walikuwa wanadonoa penye unyevu. Bi Mizinga aliwafukuza kwa mguu. Walisogea hatua chache, wakarudi.

Mume alibisha hodi.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani, changamfu.

"Ni mimi. Msimamizi."

"Aa, bosi! Leo umenifuata mwenyewe? Karibu, karibu, nakuja. Mke wangu ameenda kuteka maji."

Wakangoja. Kwa ndani kiganja kilitua juu ya mbao za mlango. Kilikwenda kushoto, taratibu, kikafika kwenye fremu. Kikarudi. Kikapanda juu mpaka mwisho, kikashuka, kikapita usawa wa komeo bila kusimama, kikaendelea chini hadi karibu na sakafu. Mume aliweka kiganja chake upande wa nje, akakifuatisha.

"Ngoja kidogo, bosi," ilisema ile sauti, ikijaribu kucheka. "Mlango huu leo una ukaidi."